Kuingia Guangzhou bila kuingizwa mjini

SWALI: Habari kaka. Nina duka la mikoba na viatu vya kike Kariakoo, na mwezi ujao nakwenda Guangzhou, China, kwa mara ya kwanza, peke yangu. Napitia Addis Ababa na nitatua saa kumi alasiri. Hoteli nimeshalipia, ipo Xiaobei, mtaa wanakofikia wafanyabiashara wengi wa Kiafrika. Kinachoninyima usingizi si mzigo, ni hapo katikati: kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini. Jirani yangu wa dukani ana mwenyeji wake huko, anataka dola 80 kunipokea. Mwingine ananiambia nipande treni tu. Mwingine anasema madereva wa teksi wa kule ni wezi watupu. Nimsikilize nani? Na je, dereva naweza kumlipa kwa dola?

JIBU: Dada, tuanze na hesabu, maneno yatafuata. Uwanja wa ndege wa Baiyun uko kaskazini mwa jiji, na kutoka hapo hadi Xiaobei ni kilomita 30 hivi kwa barabara. Mita ya teksi Guangzhou inaanza na yuan 12 kwa kilomita 3 za mwanzo, kisha yuan 2.6 kwa kila kilomita, na hupanda safari ikizidi kilomita 15. Ukijumlisha na ushuru wa barabara kuu ya kulipia, utashuka Xiaobei ukiwa umetumia yuan 100 na ushee. Foleni ikiwa ya kufa mtu, 150. Treni ya chini ya ardhi haifiki hata yuan 10. Na dola moja ni yuan 7 hivi, kwa hiyo mwenyeji wa jirani yako anataka yuan 560 kwa safari ya yuan 120. Shika namba hizo. Mtu akikutajia bei pale uwanjani, hutahitaji kumsoma usoni ili ujue ni mkweli au la.

Sasa huyo anayesema madereva wote ni wezi. Amekosea mahali pa kuwatafuta wezi. Dereva aliyepanga foleni kwenye kituo cha teksi cha uwanja ana mita, ana kibao chenye picha na namba yake mbele ya abiria, na gari lake linajulikana ni la kampuni gani. Wapo watundu kati yao, nitakuja kwao. Lakini watu wetu wengi wanapigwa kabla ya kufika kwenye foleni hiyo, katika hatua chache kati ya mlango wa kutokea na kibao cha teksi. Pale wanasimama vishoka wenye magari yasiyo na leseni, Wachina wenyewe huyaita *heiche*, yaani magari meusi, hata kama gari ni jeupe pe.

Kanuni ninayowapa wote ninaowasindikiza ni hii: teksi halali haimfuati abiria, abiria ndiye anayeifuata. Anayekujia wewe, awe na tai, awe na kitambulisho kinachoning'inia shingoni, awe anakuita “sista”, mpite. Atakwambia foleni ya teksi ni ya saa mbili. Atakwambia treni imeharibika. Siku hizi wapo wanaosema tu, “Didi, Didi,” wakijifanya madereva wa ile programu ya simu ya kuita magari. Usisimame kubishana naye, maana akishakusimamisha, nusu ya kazi yake imekwisha.

Mimi nililipia somo hili. Safari yangu ya kwanza ilikuwa 2009, na treni ilikuwa bado haijafika uwanjani. Ilifika Oktoba 2010, jiji likijiandaa kwa Michezo ya Asia. Nimetoka na troli usiku, mkononi nina karatasi yenye jina la hoteli kwa herufi zetu hizi. Jamaa mmoja akaniita: “Pengyou! Xiaobei?” Pengyou ni rafiki. Nikashangaa amejuaje ninakokwenda. Uganga haukuwepo, dada: Mwafrika mwenye begi tupu Guangzhou, unadhani anakwenda wapi? Akataka yuan 300. Nikamshusha hadi 250, nikajiona mjanja, mtoto wa Kariakoo hashindwi kupatana. Tulipofika, kumbe 250 ilikuwa ya kichwa tu. Begi lilikuwa na bei yake, barabara ya kulipia ina bei yake, na usiku nao una bei yake. Nikalipa 400. Ningeweza kubisha, ila begi lilikuwa bado ndani ya buti, na buti lilifunguliwa na yeye tu.

Angalia hapo ni nini hasa kilichoniponza. Ni ule ujuzi wetu wenyewe wa kupatana. Sisi tumezoea kwamba bei ya kwanza ni salamu, tunashusha, tunaondoka tumeridhika. Kwenye nauli ya Guangzhou hakuna kupatana: ama mita inafanya kazi, ama hupandi. Ukishafungua mdomo kusema “punguza”, umekubali kucheza mchezo wa mtu ambaye bei halisi anaijua yeye na wewe huijui.

Mtego mwingine unauma zaidi kwa sababu unakuja kwa lugha ya nyumbani. Unatoka umechoka, masikio bado yamejaa ndege, mara mtu anakuamkia kwa Kiswahili safi, anakuuliza za Dar, anakuita dada. Moyo unalainika. Wengi wa watu wetu kule ni watu wema, nimekula na kulala kwao, sitaki uwaogope. Lakini mwema hashindi mlango wa uwanja akisubiri asiyemjua. Anayeshinda pale ana kamisheni ya gari, ana kamisheni ya hoteli (atakwambia ile yako imefungwa au haipokei wageni), na kesho yake atakupeleka kwenye maduka yenye kamisheni pia. Mwitikie salamu, mwambie unapokewa, endelea na safari yako.

Kinga ya haya yote unaitengeneza ukiwa bado Dar. Ya kwanza ni anuani. Usiende na jina la hoteli lililoandikwa kwa Kiingereza peke yake, kwa sababu dereva halijui jina hilo na huenda hata jengo lenyewe haliitwi hivyo kwa Kichina. Hoteli maarufu ya Garden, ambayo haiko mbali na Xiaobei, Wachina wanaiita Huayuan Jiudian. Halafu kampuni nyingi za hoteli zina matawi kila mtaa, jina moja. Unaweza kupelekwa kwenye tawi lililo upande mwingine wa jiji, na hapo dereva hajakuibia, ni wewe hukumwambia. Waandikie hoteli wakutumie anuani kamili kwa herufi za Kichina pamoja na namba yao ya simu. Ichapishe kwa maandishi makubwa, maana madereva wengine ni wazee na taa ya ndani ya gari ni hafifu. Piga na skrinshoti, usitegemee kuifungua kwenye barua pepe. Uhakikishe mtaa wenyewe upo humo: Xiaobei inaandikwa 小北, herufi mbili tu.

Ya pili ni simu. Kwenye mitandao ya China, Google haifunguki, WhatsApp haifunguki, na Intaneti ya bure ya uwanjani haibadilishi hilo. Hapa ndipo watu wanapobabaika: simu iko mkononi lakini imekufa, na mtu aliyebabaika ni rahisi kumwongoza. Laini yako ya nyumbani ikiwa na bando la kutumia nje ya nchi itakuwezesha, kwa sababu data yake inapita kwa mtandao wako wa huku. Nunua la siku moja au mbili, ukishatulia utatafuta laini ya kule. Kwa ramani, iPhone ina ramani yake inayofanya kazi China. Kwenye simu nyingine pakua Amap kabla hujaondoka. Weka na WeChat, maana bila hiyo hata wauza mikoba hutawasiliana nao.

Ya tatu ni fedha, na hapa najibu swali lako la dola. Usimlipe dereva dola. Dereva wa kwenye foleni hatazitaka, hana pa kuzipeleka. Anayezikubali kwa furaha ndiye yule niliyekwambia umpite, kwa hiyo swali lako lenyewe ni kipimo kizuri cha mtu. Pakua Alipay, programu ya simu ya kulipia, ukiwa nyumbani, jisajili kwa pasipoti, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard, na uiambie benki yako iiruhusu kadi kutumika China. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya Alipay kwa kadi za nje. Yakizidi hapo ni asilimia 3. Nauli yako iko chini ya hapo. Hata hivyo usiende bila noti kabisa. Toa yuan kidogo kwenye ATM ya benki uwanjani, kisha nunua maji dukani ili uvunje noti ya 100. Ukiwa na za 10 na 20 umeziba mlango wa utapeli mkongwe wa kule, nitauelezea tukishapanda gari.

Siku yenyewe usiwe na haraka. Uhamiaji watachukua alama za vidole, ni kawaida kwa wageni wa umri wa miaka 14 hadi 70, na foleni inaweza kula saa nzima. Mabegi nayo yana muda wake. Kabla ya kutoka mlango wa mwisho, simama ndani, nenda msalani, hakikisha simu ina mtandao, karatasi ya anuani iko mkononi, pasipoti iko ndani kabisa. Vishoka wanamchagua anayeangaza macho. Ukitoka ukiwa unajua kibao gani unafuata, hawakuoni.

Fuata vibao vya teksi hadi kwenye foleni yenye vizuizi na wasimamizi. Hata ikiwa ndefu, inasogea. Msimamizi atakuonyesha gari. Ukikaa, mambo mawili: mwonyeshe dereva karatasi, kisha sema *da biao*, yaani washa mita. Likikushinda kutamka, mwonyeshe limeandikwa: 打表. Mita inaanza na 12. Akikataa, akianza kukuandikia bei kwenye simu, teremka kabla gari halijaondoka. Msimamizi yupo hapo hapo na dereva anajua hivyo. Ndiyo maana mita inadaiwa kwenye foleni, kilomita tano mbele umechelewa. Piga picha kile kibao chenye namba yake, usijifiche wala usifanye ugomvi, piga kama mtalii anayepiga kila kitu. Dereva aliyepigwa picha huwa na adabu sana.

Njiani fungua ramani. Akiongeza ushuru wa barabara juu ya mita, hilo ni halali, abiria ndiye anayelipa. Akikwepa barabara kuu kwa sababu ya foleni, pia si lazima awe mwizi. Unachoangalia ni kama doti yako inashuka kusini kuelekea mjini.

Sasa ule utapeli mkongwe. Unalipa kwa noti ya 100. Dereva anaipokea, anaipeleka karibu na taa, anaikunakuna, anatikisa kichwa na kukurudishia: bandia hii, nipe nyingine. Unampa ya pili, nayo bandia. Ukweli ni kwamba za kwako zilikuwa nzuri, alizibadilisha chini ya usukani kwa mkono mwepesi kuliko wa mchezesha karata tatu. Mimi nilipoteza 200 namna hiyo kwenye safari yangu ya tatu, wakati nikijiona mwenyeji, na nikagundua kesho yake nilipojaribu kununua chakula nazo. Dawa ni kulipa kwa Alipay, au kwa noti ndogo zinazokaribiana na nauli. Kama huna njia ila noti ya 100, isome kwa sauti tarakimu za mwisho za namba yake unapompa. Hata kwa Kiswahili. Ataelewa.

Didi ya kweli pia ni nzuri, bei yake inafanana na ya teksi na unaiita ndani ya Alipay, huhitaji kumweleza mtu njia. Kwa mara ya kwanza uwanjani ina usumbufu wake: gari linakusubiri sehemu maalumu ya maegesho, dereva anakupigia simu kwa Kichina, unazunguka na troli. Ikiwa utaitumia, linganisha namba ya gari kwenye simu na ya kwenye kibati, herufi kwa herufi, na umwandikie dereva ndani ya programu, inatafsiri. Anayekuja kukuita jina la programu bila kujua jina lako, huyo si wako.

Treni? Ninaipenda kuliko vyote, na safari ya pili nitakuambia uipande. Unachukua njia namba 3 hapo uwanjani, unabadilisha Jiahewanggang kwenda njia namba 2, unashuka Stesheni ya Reli ya Guangzhou, unachukua namba 5 kituo kimoja tu, umefika Xiaobei. Tiketi ni kidude cha plastiki cha duara kama chipsi ya mchezo, unagusisha ukiingia na kukitumbukiza ukitoka. Kuibiwa nauli humo hakuwezekani. Lakini wewe unatua saa kumi, utatoka saa kumi na moja na kitu, na njia namba 3 jioni ni daladala ya Mbagala ya zamani kabisa: unaingia kwa bega, na troli huna, begi unalo, kubadilisha mara mbili, na kila begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi. Peke yako, siku ya kwanza, baada ya usiku mzima kwenye ndege, hapana. Panda teksi ya foleni. Ndege ikichelewa hadi usiku mkubwa, treni itakuwa imefungwa kabisa na ushauri ni ule ule. Wakati wa maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, Aprili na Oktoba, foleni ya teksi hurefuka na vishoka huongezeka, basi ongeza subira.

Turudi kwa mwenyeji wa jirani yako. Sisemi ni tapeli. Dola 80 inaweza kuwa haki kama ndani yake kuna kushinda nawe sokoni siku nzima na kukutafsiria. Muulize maswali makavu: bei ni ya gari au ya kichwa? Ni ya uwanja tu au na soko? Namba ya gari ni ipi, nani anaendesha? Akijibu bila kukwepa, mchukue kwa ajili ya soko, kesho yake asubuhi, ukiwa umelala na kuoga, mkutane mapokezi ya hoteli yako na mpatane kwa yuan. Hapo ujuzi wa Kariakoo utumie wote. Akisema tutaelewana ukifika, basi mmeshaelewana.

Na ukibadilisha mawazo ukalala kwa Mtanzania mwenzako badala ya hotelini, kumbuka sheria ya kule: mgeni asiyelala hotelini anatakiwa aandikishwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hoteli inakufanyia yenyewe ukitoa pasipoti mapokezi. Mapokezi, dada, siyo kwa dereva. Dereva hana kazi yoyote na pasipoti yako.

Mkifika, shuka kwanza, mwonyeshe afungue buti, toa begi, lisimamishe pembeni ya mguu wako, kisha ndipo ulipe. Omba *fapiao*, risiti inayotoka kwenye mashine ya mita, hata kama huna pa kuipeleka. Ina namba ya gari lile, na ukigundua mkoba umebaki kiti cha nyuma, mpe mhudumu wa mapokezi risiti hiyo awapigie simu wenye teksi kwa niaba yako.